Mboni ya Kushoto

Saraguro, asubuhi, ukungu haujainuka.
Nilikuwa namsuka Sayri nywele,
msuko mmoja mrefu mgongoni, kama wavulana wote wa kwetu.
Akageuka kuniomba nisivute,
na hapo ndipo nilipoliona:
jicho la kulia na nukta yake, kichwa cha njiti ya kiberiti;
la kushoto limejaa weusi hadi ukingoni,
limemeza kahawia yote, limebakiza pete.

Nikamtoa mlangoni, juani.
Nikamfunika macho kwa viganja, nikahesabu hadi kumi,
nikafunua.
La kulia lilijikunja kama konokono aliyeguswa.
La kushoto lilinitazama tu,
mlango wa nyumba iliyohamwa:
aingie kuku, uingie upepo,
hakuna wa kuinuka kuufunga.

Umeanguka? Hapana.
Kichwa kinauma? Hapana, mama, nina njaa.

Ng'ambo ya mto, binti wa Zoila naye alianza hivihivi,
mboni moja kubwa,
na kilichoisukuma kilikuwa ndani ya kichwa.
Jina la mtoto yule sikulitaja.
Nililiuma, kama mshonaji anavyouma uzi.

Saa mbili za kona hadi Loja.
Miaka minane, miguu imeshapita magoti yangu,
na bado nilimpakata.
"Mama, madirisha yanapiga kelele," alisema.
Nikamfunika kwa shali langu jeusi.
Mwanamke mwenye kikapu cha simbilisi akaninong'oneza:
huyo katupiwa kijicho, mpitishie yai bichi mwilini.
Nilikuwa nimeshampitishia. Matatu.

Daktari Iturralde alikuwa na mafua.
Alimulika tochi huku, akamulika kule, akarudi huku.
Nikamwambia, huyu ni mboni ya jicho langu,
nikaona haya, maana nilisema kama mzaha.
Akanieleza mboni ni nini:
ni tundu, mama. Weusi wake si rangi,
ni giza la ndani linaloonekana dirishani.
Basi miaka yote nimemwita mwanangu
kwa jina la tundu,
na tundu ndilo lililokuwa likinipa nuru.

Akadondosha dawa, tone huku na tone huku,
dawa ya kuibana mboni.
Nusu saa kwenye benchi.
La kulia likawa ncha ya sindano.
La kushoto likakataa.

Nikalia. Daktari akapenga kamasi.
"Usilie, hii ndiyo habari njema.
Mshipa ungekuwa umeumia, mboni ingelitii tone.
Hii imetiwa kufuli kutoka nje.
Nyumbani kwenu kuna maua gani?"

Maua!
Nimekuja na hofu ya kaburi, naulizwa maua.

Sayri akatazama viatu vyake.

Pale uani unaning'inia mguanto, mti wa mama mkwe,
kengele zake nyeupe zimeinamia chini
kama zinasikiliza udongo.
Jumapili alichuma mbili na binamu yake,
wakazipuliza tarumbeta kuwaita kondoo.
Kondoo hawakuja.
Alikuja mdudu mdogo, akamwingia jichoni,
naye akafikicha kwa kidole chenye utomvu.

Siku ya kwanza, kufuli. Ya pili, kufuli.
Ya tatu nilidhani nimeona, kumbe ni matamanio.
Ya tano, mlangoni, jua likamgonga
na weusi ukarudi nyuma, polepole,
kama ng'ombe mzee anayejua zizi lake.

Mume wangu alinoa panga, akaenda uani,
akakaa huko muda mrefu, akarudi na panga safi.
Tumezungusha seng'enge. Usiku harufu yake
bado inatufikia kitandani, nami nageukia ukutani.

Viazi vinachimbwa sasa. Katikati ya mstari namwita,
hebu geukia jua.
Anageuka, amekunja uso, udongo mashavuni:
"Yote mawili yanafunga, mama. Nenda kachimbe."